Shemeji anayeyusha pleti za betri nyuma ya jiko: ile risasi inaishia wapi?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Niko Katonga, Kigoma. Shemeji yangu anayeyusha risasi ya betri chakavu nyuma ya jiko letu, anatengeneza chubwi za jarife, vile vizito vya kuzamisha nyavu, na kuwauzia wavuvi mwaloni. Betri nyingi ni zile za taa za dagaa zilizokufa. Moshi unatukera, ila yeye anasema upepo wa ziwa unaupeperusha, na kila akimaliza kazi anakunywa nusu lita ya maziwa. Mwanangu ana miaka mitatu. Siku hizi hataki kula, tumbo linamuuma, choo kigumu, na naona amepauka. Malaria tumepima, hana. Mimi mwenyewe nina mimba ya miezi mitano. Je, ni huo moshi? Akivaa barakoa itatosha? Na viwandani mbona wanayeyusha matani?"

Marahaba, mama. Nianze na mtoto maana yeye hangojei maelezo marefu. Mpeleke hospitali wiki hii, na ukifika usiishie kusema tumbo linamuuma. Sema wazi kwamba nyumbani kunayeyushwa betri na unaomba damu yake ipimwe kiwango cha risasi. Asipotajiwa betri, daktari atawaza minyoo, typhoid au upungufu wa damu wa kawaida, na hatakuwa amekosea, kwa sababu dalili zinafanana kabisa. Na ukiona mtoto anatapika mfululizo, analala hovyo bila kuamka vizuri, anayumba au anapata degedege, hiyo ni dharura ya saa ileile.

Sasa moshi. Moshi una madhara, lakini kwa nyumba yako si adui wa kwanza. Adui wa kwanza ni ule unga unaobaki uani baada ya moto kuzimwa. Ili uone kwa nini, itabidi tuingie ndani ya chungu cha shemeji.

Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi. Ile ya betri iliyochanganywa na antimoni inaweza kuanza kulegea hata chini ya hapo, ndiyo maana jiko la mkaa na sufuria kuukuu vinatosha kuifanya itiririke. Kila mtu mwaloni anaweza kuyeyusha risasi. Ila pleti ya betri haijatengenezwa kwa risasi tupu. Ina vitu viwili: wavu wa chuma cha risasi, na unga uliopakwa na kushindiliwa kwenye matundu ya wavu huo. Pleti chanya ina unga wa kahawia iliyokolea, pleti hasi ina unga wa kijivu. Betri ikishakufa, sehemu kubwa ya unga wote imegeuka salfeti ya risasi, kitu cheupe-kijivu ambacho hakiyeyuki mpaka nyuzi zipite 1,000. Jiko la mkaa halifiki huko, na hata likifika, salfeti peke yake haigeuki kuwa risasi tupu. Inahitaji kaboni na vitu vingine vya kuivunja.

Kwa hiyo mkumbuke shemeji akiwa kazini, uone kinachotokea. Pleti zinaingia chunguni, wavu unayeyuka na kushuka chini uking'aa kama fedha, na juu kunaelea gamba la kijivu na kahawia linalomeguka. Yeye analiita uchafu. Analikwangua kwa upawa na kulitupa kwenye ua, au anamwaga kwenye shimo la majivu. Mama, ule si uchafu. Ni risasi.

Tupige hesabu. Betri ya kilo 15 ina risasi kama kilo 8 hadi 9, na karibu nusu yake imo kwenye unga. Yaani kila betri moja anayoyeyusha, kilo 4 hivi anaziuza zikiwa chubwi na kilo 4 nyingine anawaachia nyinyi uani. Chukua ua wa mita 10 kwa 10, sambaza hizo kilo 4 kwenye sentimita 5 za juu za udongo. Udongo huo una uzito wa tani saba na nusu hivi. Inakuja zaidi ya miligramu 500 za risasi katika kila kilo ya udongo. Marekani kwa miaka mingi walihesabu miligramu 400 kwa kilo kuwa mwisho kwa eneo wanapochezea watoto, na mwaka 2024 wakashusha kiwango cha kuanzia uchunguzi kwenye makazi hadi 200. Hiyo ni betri moja. Shemeji ameyeyusha ngapi tangu mwaka uanze?

Mtoto wa miaka mitatu hutia mkono mdomoni mara nyingi kwa siku kuliko unavyoweza kumkataza. Tumbo lake pia hufyonza risasi mara nne hadi tano kuliko la mtu mzima kwa kiasi kilekile alichomeza, na akiwa na upungufu wa madini ya chuma au kalsiamu hufyonza zaidi. Hapo utaelewa kwa nini upepo wa ziwa hausaidii: unapeperusha moshi, haupeperushi kilichoanguka kwenye vumbi la mlangoni.

Barakoa: ile ya kitambaa na ile ya bluu ya hospitali hazizuii mafusho ya risasi, kwa sababu chembe zake ni ndogo kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita. Zipo barakoa za kazi zenye chujio maalumu zinazobana uso vizuri, nazo humsaidia anayevaa. Lakini anayevaa ni shemeji. Mtoto hajavaa, na risasi anayokula mtoto haipiti puani. Shemeji naye akitoka kazini na nguo zilezile, akambeba mtoto, akakaa kwenye mkeka wenu, amehamisha kazi ndani.

Maziwa. Hili nalisikia kwa wachomeleaji, wapaka rangi, wachimbaji, wote. Maziwa hayaoshi risasi. Kalsiamu ya kila siku kwenye chakula hupunguza kiasi kinachofyonzwa, na anayefanya kazi akiwa ameshiba hufyonza kidogo kuliko mwenye njaa, lakini nusu lita baada ya kazi haitoi kilichokwisha kuingia kwenye damu. Kikishaingia, nusu yake huondoka damuni kwa takriban mwezi mmoja, na sehemu kubwa huhamia mifupani ambako hukaa miaka kumi, ishirini, hata zaidi. Ndiyo maana nakutaja wewe pia: wakati wa ujauzito mifupa ya mama hutoa kalsiamu kumjengea mtoto, na risasi iliyomo mifupani hutoka nayo na kupita kondo la nyuma. Waambie kliniki ya wajawazito habari hii, damu yako ipimwe pamoja na ya mtoto.

Kuhusu kipimo chenyewe, ni damu ya mshipa. Kabla ya kuchomwa, mkono uoshwe kwa sabuni na maji safi, si kufutwa tu kwa spiriti, maana vumbi la risasi juu ya ngozi likiingia kwenye sampuli linaweza kupandisha majibu kwa uongo. Jibu huandikwa kwa mikrogramu kwa desilita. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Kuanzia 5 chanzo kitafutwe na kiondolewe, na mtoto ambaye chakula chake kina upungufu wa chuma au kalsiamu aongezewe. Kuanzia 45 kwa mtoto, daktari hufikiria dawa za kunasa risasi na kuitoa kwa mkojo. Dawa hizo hazitumiki kwa mtoto anayerudi kwenye ua uleule. Akiendelea kumeza vumbi huku anatibiwa, mnajaza ndoo inayovuja, na baadhi ya dawa zinaweza hata kuongeza ufyonzaji. Kama kipimo cha risasi kitachelewa, mwombe mtaalamu wa maabara aangalie slaidi nyembamba ya damu kwa makini: sumu ya risasi wakati mwingine huacha madoadoa ya bluu ndani ya chembe nyekundu. Akiyaona ni ishara nzuri ya kumsukuma daktari. Asipoyaona, haina maana kwamba mtoto hana.

Uliuliza viwandani wanawezaje. Kiwanda kinachofanya kazi ipasavyo hakiyeyushi pleti kama shemeji. Betri huvunjwa ndani ya mashine iliyofungwa, kwa maji, ili vumbi lisiruke. Tindikali hukusanywa na kuuliwa makali kwa chokaa au magadi soda ya kiwandani. Plastiki huelea, risasi huzama, zinatenganishwa. Unga huchanganywa na magadi soda ili salfeti igeuke kabonati, kisha huingia kwenye tanuri linalozunguka, pamoja na makaa ya koki na vipande vya chuma chakavu, kwenye nyuzi 1,000 na zaidi. Kaboni hunyang'anya oksijeni, chuma hunyang'anya salfa, risasi inabaki na kuchuruzika. Ile kilo 4 ambayo shemeji anaitupa, wao ndiyo wanayoifukuzia, kwa sababu ni fedha.

Baada ya hapo risasi ghafi husafishwa katika vyungu vikubwa: shaba hutolewa kwa kutia salfa, bati na antimoni kwa kuziunguza na hewa au kwa soda kali. Moshi wote hufyonzwa na feni, hupozwa, hupitishwa kwenye mifuko ya kitambaa inayokamata vumbi, na vumbi hilo hurudishwa tanurini. Mfanyakazi huoga kabla ya kwenda nyumbani, nguo za kazi hubaki kiwandani, damu yake hupimwa kila baada ya muda. Ukiondoa kimojawapo, mfano mifuko ya vumbi ikitoboka na mwenye kiwanda asiibadilishe, kiwanda kinakuwa jiko la shemeji lililokuzwa mara elfu. Owino Uhuru, Mombasa, ndiyo hiyo: kiwanda cha kuyeyusha betri kando ya makazi, watu wakaugua, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3.

Kuyeyusha risasi ya mwambani ni safari nyingine. Huko jiwe lenyewe, galena, ni risasi iliyoshikana na salfa. Husagwa, hutenganishwa kwa povu, huchomwa ili salfa iondoke, kisha huingia tanurini na koki. Ukanda wetu unaijua risasi hiyo zamani: njia ya reli inayochepuka Kaliua, mkoani Tabora, kwenda Mpanda, ilifika Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa risasi. Na kusini ya ziwa hili, ndani ya Zambia, upo mji wa Kabwe, uliochimba na kuyeyusha risasi kuanzia mwanzoni mwa karne iliyopita hadi 1994. Mgodi umefungwa miaka mingi, na watoto waliozaliwa baada ya kufungwa bado wanakutwa na risasi nyingi damuni, kwa sababu udongo haukufungwa. Risasi haiozi.

Mfano unaokuhusu zaidi uko Senegali, pwani ya Dakar, mahali paitwapo Thiaroye-sur-Mer. Kijiji cha wavuvi. Mafundi wao waliyeyusha betri miaka mingi kutengeneza vizito vya nyavu, kazi ileile ya shemeji, na mchanga ukajaa chembe. Baadaye bei ya risasi ilipopanda, watu wakaanza kuuchekecha mchanga huo na kuuza. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walifariki kabla ya sababu kujulikana. 

Turudi uani. Kazi ya kuvunja betri isimame leo, si baada ya oda ya Jumamosi. Betri iliyokufa iuzwe nzima, tindikali ikiwa ndani, imesimama wima, kwa mnunuzi mwenye kibali cha kukusanya taka hatarishi. Ofisi ya mazingira ya manispaa au NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira, ndiko kwa kuulizia nani anacho. Msikubali mnunuzi anayewataka mmwage kwanza "maji ya betri" ili apungukiwe mzigo. Maji hayo ni tindikali ya salfuriki yenye risasi ndani yake, na yakimwagwa Katonga yanashuka mteremko ule hadi majini.

Majivu na magamba yote yaliyoonekana yazolewe yakiwa yamenyunyiziwa maji kidogo tu, ya kutuliza vumbi, yatiwe kwenye ndoo ya chuma au plastiki yenye mfuniko, yaende pamoja na betri. Si ziwani, si chooni, na hasa si kwenye tuta la mchicha. Mahali pa moto na mita kadhaa kuzunguka, chimbeni sentimita 10 za juu, udongo ulioloweshwa, mtoto na wewe mkiwa kwa jirani siku hiyo. Halafu wekeni udongo safi wa mbali au kokoto, mkiweza msakafu. Ndani ya nyumba msifagie kukavu kwa ufagio wa chelewa, vumbi litahamia kitandani. Pigeni deki kwa maji ya sabuni, tambara lioshwe mbali. Viatu vya uani viishie mlangoni. Nguo za shemeji zifuliwe peke yake.

Kuku wanaodonoa uani hapo, mayai yao mtoto asile kwa sasa. Risasi hupita kwenye yai. Matembele na mchicha wa jirani na moto vina vumbi majani, na kuosha hupunguza tu. Na kama mnaanika dagaa mchangani karibu na hapo, hameni au anikeni juu ya chanja. Dagaa wenyewe mpe mtoto kwa wingi, wazima na miba yao, kwa ajili ya kalsiamu. Ni dawa nzuri kuliko maziwa ya shemeji, ilimradi hawakuanikwa kwenye majivu. Na vile vichubwi vidogo vya mshipi, mtu yeyote asivibane kwa meno.

Najua shemeji ataniuliza atakula nini. Kuyeyusha upya chubwi kuukuu au risasi safi ya mabomba si hatari sawa na pleti, kwa sababu haina unga. Kama ataendelea na hiyo, iwe mbali na nyumba zote, kwa chungu cha chuma chenye mfuniko. Sufuria ya alumini hulegea moto ukizidi, na ikitoboka mguu umekwenda. Feni ya kupuliza mkaa aiweke kando: chungu kikianza kuonekana chekundu gizani amepita nyuzi 500, na hapo ndipo mafusho yanapoongezeka. Kalibu iwe kavu na imepashwa moto. Tone moja la maji chini ya risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke papo hapo na kuirusha usoni. Na magamba yenye mabaki ya betri za kisasa zisizoongezwa maji yasilowe yakiwa yamehifadhiwa ndani: zina kalsiamu, na zikichanganyika na antimoni au aseniki ya betri za zamani kisha zikapata unyevu, hutoa gesi ya sumu kali isiyoonekana. Hilo linahusu ndoo yenu ya magamba pia. Ikae nje, penye hewa, chini ya kivuli kisichovuja, na iondoke mapema.

Ila ushauri wangu aachane na risasi kabisa, na soko analo. Kinachozamisha jarife ni uzito ndani ya maji, si uzito wa mizani. Gramu 100 za risasi zikizama hubaki na uzito wa gramu 91. Kupata uzito huohuo majini unahitaji gramu 105 za chuma, au kama 160 za zege, au karibu 200 za udongo wa kuchoma. Zege ni rahisi lakini chubwi yake inakuwa kubwa mara nane kwa ujazo, na penye mawe itanasa. Chuma ndicho ningechagua. Chubwi ya risasi ya gramu 50 nafasi yake inachukuliwa na kipande cha nondo ya milimita 12 chenye urefu wa sentimita 6. Vipande hivyo hutupwa kila penye ujenzi, na zile mbavu za nondo huzuia uzi usiteleze. Asage ncha zisikate nyuzi, achovye kwenye lami au avishe mpira wa tyubu ya baiskeli dhidi ya kutu, afunge kwenye kamba ya chini kwa umbali uleule aliozoea. Mita moja ya nondo inatoa chubwi 16.

Damu ya shemeji nayo ipimwe. Ya mtoto irudiwe baada ya mwezi mmoja hivi. Ikiwa haijashuka wakati uani mmesafisha, kipo chanzo kingine, na wa kwanza kuwaangalia ni majirani waliochukua magamba yake, na sufuria ya ugali kama iliwahi kutumika kuyeyushia.